Tatuu Mbichi Haitaki Mambo Mengi

Mwezi huu swali moja limenijia kwa sauti nyingi. Yuko aliyechora jina la mwanawe mkononi, yuko aliyechora ua begani, na yuko kijana wa bodaboda wa Mfaranyaki, hapa Songea, aliyechora simba kifuani. Wote wanauliza, "Dada, nipake nini?" Nikisoma barua zao hadi mwisho naona kila mmoja ameshapaka. Mmoja amepaka dawa ya meno. Mwingine amefungua kidonge cha rangi mbili akanyunyizia unga wake juu. Wa tatu ameshauriwa na jirani atie mafuta ya taa kidogo, eti vijidudu vife. Jamani!

Nimeichagua barua ya binti wa Lizaboni iwe mlango wetu, maana ndani yake mna karibu kila kitu. Anaandika: "Dada, nimechora tatuu juu ya kiwiko siku ya Ijumaa. Nyumbani hawajui. Nimevaa sweta usiku na mchana mama asione. Naisafisha kwa spiriti kila nikipata nafasi, halafu naipaka mafuta ya mgando mengi isikauke. Leo Jumanne inawasha, inatoa majimaji yenye wino, na sweta linanata. Je, inafutika? Nimeiharibu?"

Hujaiharibu, mdogo wangu, ila unaelekea huko. Tatizo lako ni bidii. Tatuu mbichi ina mahitaji machache sana: mikono safi, maji, sabuni ya kawaida, mafuta kidogo, hewa, na mtu wa kuiacha itulie. Ukizidisha hapo, unaupa mwili kazi ya pili wakati bado haujamaliza ya kwanza.

Kilichotokea kwenye ngozi yako

Ngozi ya juu hujivua na kuota upya kila baada ya wiki chache. Wino ungewekwa hapo, ungeondoka na magamba mwezi uleule. Kwa hiyo mchoraji anaishusha sindano hadi tabaka la pili, kina cha milimita 1 hadi 2, na mashine inachoma mara mamia, pengine maelfu, kwa dakika moja. Ukitoka pale una eneo zima la ngozi lenye matundu madogo yasiyohesabika, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe, tofauti ni kwamba hili limepambwa.

Mwili haujui kuwa ulilipia. Unaona kidonda na kitu kigeni, unatuma askari wake. Seli za ulinzi zinameza chembe za wino, lakini chembe nyingi ni kubwa mno kuvunjwavunjwa, basi seli zinabaki nazo tumboni palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwenye ngozi ya panya, kwamba seli hizo zinapokufa wino unamwagika, na seli changa zinakuja kuudaka tena. Kwa hiyo mchoro unaouona kwa miaka mingi unashikiliwa na seli hai zinazopokezana zamu. Hao ndio mafundi wa nusu ya pili ya kazi, na spiriti yako inawaunguza wakiwa kazini.

Majimaji yenye wino unayoyaona siku za mwanzo ni ya kawaida. Ni maji ya damu yakitoka na wino uliozidi. Tatuu haifutiki kwa hilo. Yakifuatwa na magamba yenye rangi yanayodondoka, hata hayo ni ya kawaida.

Siku hadi siku

Siku ya kwanza mchoraji atakufunika kwa nailoni au kitambaa maalumu cha kidonda. Muulize kabla hujatoka: nikifungue saa ngapi? Nailoni ya kawaida ni ya saa chache tu. Ukilala nayo, joto na unyevu vinageuka shamba la bakteria. Ile plasta nyembamba inayonata na kuonyesha ndani inaweza kukaa siku kadhaa, maana ilitengenezwa kwa ajili hiyo, lakini ikianza kubanduka pembeni au kujaa maji, itoe. Ukishaitoa nailoni usiirudishe, na ile ya kufungia maandazi isije hata karibu.

Kisha osha. Nawa mikono kwanza, sabuni hadi katikati ya vidole na chini ya kucha. Tumia maji ya uvuguvugu, na masika, bomba linapotoa maji yenye tope, chemsha yakapoe. Mimina kwa kopo safi, usizamishe mkono ndani ya beseni. Sabuni iwe nyepesi isiyo na manukato. Ya mche na ya unga ziachie nguo. Povu lipitishe kwa vidole, taratibu, hadi utelezi wa damu na wino utoke. Dodoki lisiguse hapo. Taulo la familia lisiguse hapo. Gandamiza kwa tishu safi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi, bila kusugua, halafu acha hewa ipite dakika kumi hivi.

Ndipo upake mafuta, na neno la kushika ni "kidogo". Losheni au krimu nyepesi isiyo na manukato, kiasi ambacho ngozi inang'aa kwa mbali tu. Ukiona inateleza au mafuta yanatuama, umezidisha. Punguza kwa tishu. Mgando mwingi unafunika kidonda kama mfuniko, unazuia unyevu kutoka, na magamba yanalainika na kung'oka kabla ya wakati wake. Osha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mara ya tatu kama umetoka jasho au umeingia vumbini. Basi. Ya sita na ya saba ni wasiwasi wako tu.

Siku ya pili hadi ya nne panakuwa pekundu au peusi zaidi, pamevimba kidogo, panauma ukipagusa. Ukihitaji dawa ya maumivu, paracetamol inatosha. Aspirini iache, kwa kuwa inafanya damu isigande upesi.

Kuanzia siku ya tano au ya sita inaanza kuwasha, na magamba yanainuka. Hapo ndipo tatuu nyingi nzuri zinapata mapengo. Ukibandua gamba ambalo halijawa tayari, unatoka na wino uliokuwa bado haujashikwa, na kidonda kinafunguka tena. Usikune. Ikizidi, pigapiga kwa kiganja safi juu ya nguo laini, au weka kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi kwa dakika chache, ukaushe. Kata kucha usiku wa kwanza kabisa, maana mkono unaokuna usingizini hausikii ushauri wa Dada.

Kati ya wiki ya pili na ya nne ngozi ya juu inakuwa imefunga. Mchoro utaonekana umefifia, una utando kama wa maziwa, na wengi huandika wakilia wakati huu: "Dada, mchoraji ameniibia!" Subiri. Hiyo ni ngozi changa ambayo haijakomaa. Chini yake tabaka la pili linaendelea kujijenga kwa miezi kadhaa. Usirudi kuongezewa rangi kabla mwezi haujapita.

Sweta, mama na siri

Sasa turudi kwa huyu wa Lizaboni. Najua kipupwe cha Songea. Juni na Julai hapa huwezi kumwambia mtu atembee mikono wazi, na masweta yetu ya mtumba ni ya sufu nzito au ya nailoni. Nyuzi zake zinaingia kwenye kidonda, zinakaukia humo, na ukivua unang'oa magamba yote kwa mkupuo. Likinata, usilivute. Lowanisha kwa maji safi ya uvuguvugu hadi liachie lenyewe. Ndani ya sweta vaa shati la pamba la mikono mipana, lingine safi kila siku. Usiku tandika shuka safi, na uchomekee chandarua vizuri kisikuangukie mkononi. Matandiko ya wiki mbili yaliyolaliwa na watu watatu ni mahali pabaya pa kidonda.

Ila sweta lako si la baridi tu, na wewe unajua. Mji wetu ni wa watu wa misa na swala. Wako wazazi wanaoamini kuchora mwili ni dhambi, na wako wanaoona ni alama ya uhuni. Sitakwambia mama atafurahi. Nakwambia kwamba kidonda kinachofichwa hakioshwi kwa wakati, hakipati hewa, na kikiharibika mwenyewe unachelewa kwenda hospitali kwa kuogopa maswali. Homa ikija saa nane usiku, utamwambia nini?

Mdogo wangu, tafuta saa ambayo mama ametulia, si mbele ya wageni na si asubuhi ya kwenda kanisani. Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na jirani. Usianze na kujitetea. Sema: "Mama, nimefanya jambo ambalo hutalipenda. Nimechora tatuu. Sasa ni kidonda, nataka kipone vizuri." Atasema atakayosema, msikilize, usijibu neno kwa neno. Mama wengi, hasira ikishashuka, watauliza umepaka nini. Kama kweli huwezi kumfikia yeye, basi shangazi au dada mkubwa. Kwa vyovyote lazima awepo mtu mzima mmoja nyumbani anayejua, na kwa waliochora mgongoni awe na macho ya kuwatazamia.

Vya kuacha rafuni

Spiriti inaua vijidudu, kweli, na inaua pia seli changa zinazojenga ngozi. Kidonda kinakauka na kupasuka. Dawa za kuulia vijidudu za chupa, zile unazochanganya kwenye maji ya kudeki, nazo zinaunguza. Limau na chumvi ni mateso yasiyo na malipo. Dawa ya meno ni ya meno. Majivu na unga wa mkaa vinaingiza uchafu, na unga ukikaa kwenye kidonda kibichi unaweza kubaki humo. Mafuta ya taa yanachoma ngozi, sitaki hata kuyajadili.

Unga wa kidonge cha rangi mbili nauzungumza peke yake, kwa sababu umezoeleka kuanzia kidonda cha jembe hadi cha tohara. Dawa ile ni antibiotiki, ilipimwa kwa ajili ya kumezwa, kwa kipimo na kwa siku maalumu. Ukiinyunyiza juu, unatengeneza ukoko mgumu wa unga na majimaji, bakteria wanabaki chini yake, na wale wasiokufa wanajifunza kuizoea dawa. Pia unaweza kupata mzio. Antibiotiki ni ya kidonda kilichoambukizwa, na anayesema kimeambukizwa ni mhudumu wa afya.

Kuna na zile krimu za tyubu ambazo kila duka la dawa linazo, zinazopakwa kwa upele, fangasi na chunusi kwa pamoja. Nyingi zina steroidi. Steroidi inatuliza muwasho upesi, ndiyo maana inapendwa, lakini inapunguza kasi ya kupona na kuyapa maambukizi nafasi ya kujificha. Hapo hapo niwaguse wa mkorogo. Ngozi iliyopakwa mkorogo muda mrefu imekuwa nyembamba. Inachubuka kirahisi na inapona polepole. Kama bado unajichubua, usichore sehemu unayoipaka. Acha mkorogo kwanza, na uzungumze na daktari kama ngozi imeshaharibika.

Songea yetu na hatari zake

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu zetu uliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwenye nyumba yenye kiyoyozi. Sisi tuna vumbi na jembe.

Kijana wa bodaboda, kifua chako kinapokea upepo na vumbi la barabara siku nzima. Vaa shati la pamba limefungwa vifungo, na koti juu yake, na uoshe kidonda ukifika nyumbani kabla hujakaa. Mikono yako imeshika mafuta ya injini. Usijiguse hadi uwe umenawa. Na mkanda wa begi usipite juu ya mchoro.

Msimu wa kuvuna, kupukuchua mahindi kunaleta vumbi jembamba linalowasha hata ngozi nzima. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, ndio mbaya zaidi: tope, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na dawa za kuua viwavi na magugu. Mbolea ya chumvichumvi ikigusa kidonda kibichi inaunguza, na udongo wa shamba una vijidudu vya pepopunda. Aliyechora mkononi asinyunyize mbolea wala kubeba bomba la dawa mgongoni hadi ngozi ifunge. Ukiwa hukumbuki sindano yako ya mwisho ya pepopunda, uliza zahanati.

Jikoni, moshi hauna neno, ila mvuke wa sufuria ya ugali na mafuta yanayoruka vinatosha kufanya ngozi changa ilie. Nzi ndiye adui wa kimya. Anatoka chooni anatua kwako. Nje funika kwa nguo nyepesi.

Wale wenye safari ya Mbamba Bay, nasikitika kuwaharibia sikukuu. Ziwa Nyasa ni zuri, lakini maji yake hayajachujwa na kichocho kipo. Hakuna kuogelea ziwani, mtoni wala kwenye bwawa la hoteli kwa wiki tatu hadi nne, mpaka pasiwe na gamba hata moja. Kuoga kwa ndoo nyumbani ruksa, haraka haraka.

Jua nalo msilidharau kwa sababu ya baridi. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na saa saba mchana wa Juni unaweza kutetemeka kivulini huku jua likiunguza ngozi. Wakati kidonda hakijafunga, kinga ni nguo. Kikishafunga, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kila ukitoka. Jua ndilo linalofifisha tatuu kuliko kitu kingine chochote, na weusi wa ngozi yetu hauizuii kazi hiyo.

Lini uache kunisoma na uende hospitali

Kidonda kinachopona kinapungua ukali kila siku. Kinachoharibika kinaongezeka. Baada ya siku ya tatu, wekundu ukisambaa badala ya kurudi nyuma, pakiwa pa moto, maumivu yakizidi, usaha wa njano au wa kijani ukitoka, pakinuka, au ukipata homa na kutetemeka, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiona mistari myekundu inapanda kutoka kwenye tatuu kuelekea kwapani au kinenani, usingoje asubuhi. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, HOMSO, hapa mjini, na walioko upande wa magharibi wana Hospitali ya Peramiho. Sema ukweli kwamba ni tatuu. Daktari hakuhukumu, anataka kujua sindano ilipita wapi.

Upele unaowasha kwenye rangi moja tu, mara nyingi nyekundu, huwa ni mzio. Unaweza kuja hata miezi baadaye. Huo nao ni wa daktari wa ngozi.

Mwenye kisukari, sikoseli, tatizo la moyo au kinga iliyoshuka aongee na daktari kabla ya kuchora. Mjamzito asubiri.

Sasa lile linalotutisha. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukupa VVU na homa ya ini B na C. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Sisi tulishaonywa kuhusu kuchangia wembe wa chale kwa mganga. Sindano ya tatuu ni habari ileile. Ukiwa na shaka kwamba sindano haikuwa mpya, usikae nyumbani ukisali tu. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazofanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Mapema zaidi ndiyo bora. Kwa homa ya ini B kuna chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6. Iliingia kwenye chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kwa homa ya ini C chanjo hakuna. Na mchangia damu amwambie muuguzi kuwa amechora: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 unataka asubiri miezi 12.

Makovu yanayoota

Msomaji wa Bombambili anauliza kwa nini tatuu ya rafiki yake imetuna kama kamba. Hiyo ni keloidi, kovu linaloota kupita mipaka ya kidonda. Sisi watu weusi tunaipata zaidi, hasa kifuani, mabegani na kwenye masikio. Kabla ya kuchora, jikague: kovu la chanjo begani limetuna? Tundu la hereni liliota kinundu? Mama au baba ana makovu ya hivyo? Kama ndiyo, ningekushauri usichore kabisa, sembuse kifuani. Kwa mwenye mwelekeo huo hakuna mafuta ya kuhakikisha haitaota. Likianza kutuna, wahi. Daktari ana sindano za kulishusha likiwa changa.

Wapo mabibi walioujua ukweli wa makovu kuliko sisi. Wamakonde, pande zote mbili za Mto Ruvuma, walichanja alama za dinembo usoni na mwilini kwa kisu, wakasugua mkaa ndani ya chale ili alama ibaki nyeusi na ionekane. Kwao kovu lilikuwa ndilo pambo lenyewe, na mchanjaji alikuwa mtu mwenye ujuzi unaoheshimika. Nalitaja kwa wale mnaoambiwa kuchora mwili ni uzungu. Na nalitaja pia msichukue mkaa wa jiko na wembe mkajaribu wenyewe bwenini. Ujuzi ule ulikuwa na wenyewe.

Kwa anayeogopa sindano na kuuliza kama achore ya piko: piko nyeusi ni rangi ya nywele. Ikikaa kwenye ngozi inaweza kuchoma hadi malengelenge na kuacha alama usiyoitaka. Hina halisi ya majani, ile inayotoka na rangi ya kahawia nyekundu, ndiyo salama kwa wengi.

Kwa ambao bado hawajachora

Wengi mnauliza bei ya mchoro, na ni wachache wanaouliza mambo haya. Je, sindano inafunguliwa kutoka kwenye pakiti mbele yangu? Wino unamiminwa kwenye kikombe kidogo kipya, au anachovya kwenye chupa iliyochovywa na wengine? Amevaa glavu, na akishika simu anabadilisha? Meza na mashine vimefunikwa? Mchoraji akiudhika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Chukua begi lako uondoke.

Fikiria na mahali pa kuchora. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Kama una ndoto ya sare, usiichomee tundu kwa sindano ya saa moja.

Halafu angalia kalenda yako. Utakuwa shambani? Una mitihani, harusi, safari ya ziwani, zamu za usiku? Tatuu inachorwa kwa saa moja au mbili, na kuponywa kwa wiki tatu au nne za kuosha, kusubiri na kujizuia. Hizo wiki ni sehemu ya bei, sawasawa na fedha unayomhesabia mchoraji. Anayechora Jumamosi na Jumatatu akawa anabeba mifuko ya mbolea amelipa nusu tu, na nusu iliyobaki ngozi yake itaidai.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama mwezi huu huna wiki hizo, tunza fedha yako. Wachoraji watakuwepo hata baada ya mavuno.